Maisha ya David Livingstone, munganga aliyekosa njia ya China



Safari hii tumechagua maisha ya David Livingstone. Jina lake tunalisikia tangu masomo ya msingi, lakini mara nyingi tunafundishwa mwisho tu: Ujiji, Stanley, na kaburi la London. Mwanzo wake hausemwi sana, na ndio mwanzo unaotuhusu. Wafinalisti wetu wa mwaka wa sita wako mbele ya egzamini ya Leta. Kati yao kuna anayetaka kuwa munganga wa meno, mwingine munganga wa watoto, mwingine enjinia. Ulizo moja linazunguka katika klase na hata wakati wa kupumzika: kama fakilte ikinikataa, nitafanya nini? Livingstone alikutana na ulizo kama hilo akiwa kijana wa miaka 26. Tuangalie alivyolijibu, pale alipofanya vema na pale alipokosa.

1. Mtoto wa kiwanda

David alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 kule Blantyre, karibu na mji wa Glasgow, katika inchi ya Scotland. Baba yake Neil alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, mtu wa kanisa sana. Mama yake aliitwa Agnes. Walizaa watoto saba, na wawili walikufa wakingali wadogo. Jamaa yote ilipika, ilikula na kulala ndani ya chumba kimoja, katika nyumba ndefu ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba.

Alipofika miaka 10 alitiwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika juu ya mashine. Alianza saa kumi na mbili ya asubuhi na kumaliza saa mbili ya usiku. Kutoka hapo alikwenda masomo ya usiku kwa muda wa saa mbili. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kiwandani alikuwa anaweka kitabu juu ya mashine, na kila mara alipopita mbele yake alishika sentensi moja, kisha akaendelea na kazi. Leo tunalalamika wakati umeme ukikatika usiku wa kurudilia masomo, na ni haki kulalamika. Lakini tujue kwamba kuna mtu aliyesoma sentensi moja moja, katikati ya kelele ya mashine, na akafika.

Baba yake alipenda asome vitabu vya dini tu, na aliogopa vitabu vya sayansi. Siku moja kijana akapata kitabu cha Thomas Dick, mwandishi wa kwao, kilichomwonyesha kwamba sayansi na imani si adui. Mwaka 1834 likafika mkononi mwa jamaa andiko la Karl Gützlaff, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiomba waganga waende China. Toka siku ile David alikuwa na shauri moja: kuwa munganga, na kwenda China.

2. Mpango wa kwanza

Mwaka 1836 aliingia chuo cha Anderson kule Glasgow. Yeye na baba yake walikwenda kwa miguu kutafuta chumba cha bei ndogo. Masomo aliyalipa kwa franga za kiwanda: wakati wa baridi alisoma, wakati wa kiangazi alirudi kuunga na kusokota nyuzi. Alisoma dawa na upasuaji, akasoma Kigiriki, akasoma na mambo ya Mungu.

Hapa tuwaambie kidogo wale wanaopenda kazi ya meno. Wakati ule ilikuwa haijatengwa kama leo. Chuo cha kwanza duniani cha kufundisha waganga wa meno peke yao kilifunguliwa Baltimore, kule Marekani, mwaka 1840, ndio mwaka ule ule Livingstone alipopata diploma yake. Fasi nyingi, aliyeumwa jino alikwenda kwa mpasuaji, ao kwa kinyozi, ao kwa fundi wa chuma aliyekuwa na koleo. Munganga wa misioni ilimpasa kujua kila kitu: mfupa, homa, uzazi, jicho na jino.

Mwaka 1837 aliandikia Chama cha Misioni cha London kuomba kazi. Chama kilimpokea kwa majaribio, kikamtuma kwa mchungaji mmoja katika kijiji cha Ongar ili apimwe. Majaribio yakaenda vibaya. Siku moja alipewa kuhubiri kanisani kijijini. Alisoma andiko la siku, akafungua kinywa, na maneno yote yakamtoka kichwani. Aliwaambia watu kwamba amesahau, akashuka mimbarini, akatoka mbio. Mchungaji yule aliandikia wakubwa wa Chama kwamba kijana ni mzito wa kusema na mzito wa kufundishwa. Walikaribia kumfuta. Mkubwa mmoja tu akaomba apewe miezi michache tena. Walimpa, na mwisho wakamkubali.

3. Mlango unafungwa

Basi, diploma ilikuwa karibu, Chama kimekubali, China inangoja. Ndipo mwaka 1839 vita vikatokea. Wachuuzi wa Uingereza walikuwa wakiuza afyuni kule China. Serikali ya China ilikataa sumu ile, ikashika masanduku mengi na kuyaharibu, na Uingereza ikapeleka manowari. Vita hivyo vilidumu mpaka 1842. Chama kikasimamisha kutuma wamisionari wapya China.

Tuangalie vizuri jambo hili. Livingstone hakuanguka egzamini. Hakuwa mvivu, wala hakukosea hesabu zake. Mlango ulifungwa na watu wengine, mbali naye, kwa sababu ya biashara mbaya. Kwetu vilevile mwanafunzi anaweza kupata asilimia nzuri, na mlango ukafungwa: nafasi ni chache, ao baba amepoteza kazi, ao barabara imekatwa na vita. Kufungiwa mlango si sawasawa na kutokuwa na akili. Wale wanaochanganya mambo haya mawili wanavunjika moyo bure.

Chama kilimpa fasi nyingine: visiwa vya Karibi. Livingstone akakataa. Sababu yake ilikuwa ya maana: kule waganga walikuwa tayari, na uganga wake ungelala bure. Kumbe hakukubali mlango wowote tu kwa kuwa uko wazi. Alijiuliza ni wapi yale aliyojifunza yanahitajiwa.

Jibu alilipata kwa Robert Moffat, mmisionari wa Kuruman, kusini ya Afrika, aliyekuwa London wakati ule. Moffat alisimulia juu ya vijiji vingi vya upande wa kaskazini ya Kuruman ambavyo hakuna mmisionari aliyevifikia. Livingstone akamwuliza kama yeye angefaa kule. Tangu hapo akaacha kungoja China.

Ilibaki diploma. Mwezi wa Novemba 1840 alikwenda Glasgow kwa egzamini ya waganga. Huko pia kidogo ishindikane. Alibishana na wapimaji juu ya namna ya kutumia stetoskopu, chombo cha kusikiliza kifua ambacho wakati ule kilikuwa kingali kipya. Walimrefushia egzamini, lakini walimpa diploma. Tarehe 20 Novemba aliwekewa mikono kuwa mchungaji, na tarehe 8 Desemba akapanda merikebu.

Safari ya bahari ilikuwa ya miezi mitatu hivi mpaka Rasi. Angeweza kulala tu. Badala yake alimwomba kapiteni amfundishe kupima nyota ili kujua mahali mtu alipo juu ya dunia. Somo hilo halikuwa katika mpango wake wa kwanza wala wa pili. Kumbe ndilo lililomfanya ajulikane ulimwengu mzima, maana karta zote alizochora baadaye zilitegemea nyota zile.

4. Kazi ya Afrika

Alifika Kuruman tarehe 31 Julai 1841. Alijifunza Kitswana mpaka akakisema vizuri, akatibu wagonjwa, akajenga nyumba kwa mikono yake. Mwaka 1844 simba alimshika begani, akamvunja mkono wa kushoto. Mebalwe, mwalimu Mtswana, ndiye aliyemwokoa. Mkono ule haukupona vema. Mwaka 1845 alioa Mary, binti wa Moffat. Walikaa na watu wa mfalme Sechele kule Kolobeng, na Sechele mwenyewe alijifunza kusoma haraka kushinda wengi, akabatizwa mwaka 1848.

Livingstone hakuwa mtu wa kukaa fasi moja. Mwaka 1849 alifika ziwa Ngami, na 1851 mto Zambezi. Mwaka 1852 alipeleka Mary na watoto Uingereza, akabaki. Kisha alianza safari ya kuvuka Afrika. Sekeletu, mfalme wa Wakololo, alimpa watu 27 na meno ya ndovu ya kuuza njiani. Mwaka 1854 walifika Luanda, upande wa bahari ya magharibi. Wakageuka, na mwezi wa Novemba 1855 wenyeji wakampeleka kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Mwaka 1856 akatokea Quelimane, bahari ya mashariki. Bila watu wa Sekeletu na vyakula vya vijiji vya njiani, safari ile isingefika hata nusu.

Uganga haukulala. Homa ilimshika mara nyingi mno. Alichanganya kinini na dawa za kuharisha, akatengeneza vidonge vilivyotumiwa na wasafiri wengine miaka mingi baada yake.

5. Mpango usiopimwa

Aliporudi Uingereza alisifiwa sana, na kitabu chake kikauzwa mno. Akaachana na Chama cha Misioni. Serikali ikampa kazi: kupandisha merikebu ya moshi katika mto Zambezi, kufungua njia ya biashara halali ili biashara ya watumwa ife. Mpango ulikuwa mzuri juu ya karatasi. Lakini alipopita kule mwaka 1856 alikata njia ya mkato, na sehemu moja ya mto hakuiona kwa macho. Mwaka 1858 wakaifikia: ni Kebrabasa, maporomoko juu ya maporomoko. Hakuna merikebu iliyoweza kupita.

Waliendelea kupitia mto Shire, wakafika ziwa Nyasa mwaka 1859. Lakini wenzake waligombana naye, na wengine walikufa. Mary alikuja kumfuata, akafa kwa homa kule Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Serikali ikawaita warudi.

Hapa hatutaki kuficha. Mary aliishi miaka mingi bila nyumba yake mwenyewe, na franga kidogo, akilea watoto peke yake. Robert, mtoto wao wa kwanza, alikua bila kumjua baba yake vema. Alikwenda Marekani, akaingia vita vya kule kwa jina lisilo lake, akafa mwaka 1864 akiwa kijana tu. Livingstone alijua kubadilisha mpango, lakini hakuhesabu vizuri nani atalipa.

6. Upande wetu

Mwaka 1866 alirudi mara ya mwisho, akipitia Zanzibar, kutafuta chanzo cha mto Nili. Mwanzoni mwa 1867 wapagazi waliotoroka walienda na sanduku la dawa. Munganga akabaki bila dawa. Alipita Mweru na Bangweulu, akafika Ujiji 1869, kisha akavuka Tanganyika na kuingia Maniema. Kule Bambare, tunapoita Kabambare leo, vidonda vya miguu vilimlaza siku nyingi sana.

Meno nayo yakamharibikia. Njaa ilikuwa imemlazimisha kutafuna mahindi magumu na nyama ngumu ya tembo, mpaka meno ya mbele yakalegea. Munganga mwingine hakuwepo. Akajing'oa mwenyewe: alifunga uzi wenye nguvu ku jino kwa fundo la mabaharia, akafunga mwisho mwingine ku shina la mti, kisha akapiga uzi kwa fimbo nzito. Jino likabaki linaning'inia pale ku shina. Habari hiyo aliiandika mwenyewe katika barua, tena kwa kucheka. Wanaotaka kazi ya meno waone kama kazi yao inahitajiwa ao hapana!

Mwisho wa Machi 1871 alifika Nyangwe, ku mto Lualaba. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wa wachuuzi wa watumwa wakipiga bunduki sokoni. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wanawake, kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Alivunjika moyo, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na bila kitu. Ndipo Stanley akamkuta, mwaka huo huo. Ripoti yake juu ya Nyangwe ilisomwa Uingereza na kuongeza hasira ya watu. Mwezi wa Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Kabla ya kuachana, yeye na Stanley walipanda mtumbwi mwezi wa Novemba 1871 mpaka mwisho wa kaskazini wa ziwa Tanganyika. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia? Wakaona unaingia. Sisi wa Muhumba ulizo hilo linatuchekesha, kwa kuwa tunaona Rusizi ikitoka ziwa letu la Kivu hapa karibu na kushuka kwenda Uvira. Lakini kwao jibu lile lilivunja mpango mwingine: Tanganyika haipeleki maji ku Nili kwa njia ya Rusizi. Aliona, akaandika hivyo, hakudanganya. Juu ya Lualaba alikosea. Alidhani ni Nili, kumbe ni mto wetu Kongo, na Stanley ndiye aliyeufuata mpaka bahari mwaka 1877. Baada ya Stanley wakaja watu wa mfalme Leopold, na mateso yao tunayajua. Karta njema iliingia pia katika mikono mibaya.

7. Mwisho wake

Alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, inchi ya Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Chuma, Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, pamoja na vitabu vyake vyote vya maandiko. Hakuna aliyewaamuru. Jacob Wainwright alisindikiza mwili mpaka Uingereza. Mfupa wa mkono uliovunjwa na simba ndio uliomtambulisha. Alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha.

8. Yanayotuhusu

Wandugu, watu husema Livingstone alikwenda Afrika kwa kukosa China. Ni kweli, lakini haitoshi. Wengi hukosa China na kubaki barabarani. Yeye hakuwa amejifunza China. Alijifunza dawa, lugha na subira, na vitu hivyo vitatu havina inchi yao. Mpango wake wa pili ulisimama kwa sababu ulichongwa katika mti mmoja na ule wa kwanza.

Basi, wewe unayetaka kazi ya meno, jiulize ni nini hasa unachokipenda: ni jina la munganga, ao ni kumtoa mtu maumivu? Kama ni jina, mlango ukifungwa umebaki bila kitu. Kama ni maumivu ya mtu, njia zingali nyingi. ISTM ya hapa Bukavu inafundisha uuguzi na kazi ya labo. ISP inatoa walimu wa biolojia, ambao bila wao hakuna munganga yeyote atakayepatikana kesho. Kuna na famasi. Nazo hizi si kazi za waliokataliwa. Chagua moja sasa, kabla majibu hayajatoka, na uulize masharti yake kwa wanaoijua. Nenda ukaione kwa macho, usifanye kama Kebrabasa. Mwaka ujao unaweza kuomba tena fakilte, mkono wako ukiwa tayari na kazi.

Na jambo la mwisho. Kabla ya kuamua, keti na wale watakaolipa: mama anayeuza ku soko, kaka aliyeacha masomo ili wewe usome. Livingstone hakuketi vya kutosha na Mary. Hilo tusimwige.